Chati Iliyofikiri Badala ya Watoto

Palikuwa na mwalimu wa Hisabati aliyewapenda wanafunzi wake wa darasa la tano kiasi kwamba hakuvumilia kuwaona wakikwama. Watoto walikuwa zaidi ya sabini, wakikaa watatu watatu kwenye dawati, na mzigo wao mkubwa ulikuwa mafumbo. Ukiwaandikia ubaoni 85 + 40, mikono ilipanda kila upande. Ukiiweka hesabu hiyohiyo ndani ya kisa cha mama anayeuza maandazi, darasa lilinyamaza, kisha sauti moja ikauliza swali ambalo kila aliyefundisha shule ya msingi amelisikia: "Mwalimu, tujumlishe au tutoe?"

Mwalimu akaamua kulimaliza swali hilo. Akanunua karatasi ya manila na kalamu za rangi, akakesha akiandika chati. Safu ya kwanza ilikuwa ya kijani: jumla, pamoja, ongeza, alipata, ukiona maneno hayo, jumlisha. Ya pili nyekundu: baki, punguza, tofauti, alipoteza, hapo toa. Ya tatu: mara, zidi, hapo zidisha. Ya nne: gawa, gawana, sawasawa, hapo gawanya. Asubuhi akaibandika juu ya ubao, mahali ambapo hata mtoto wa dawati la mwisho angeiona.

Matunda yalionekana haraka. Watoto waliokuwa wakiyakimbia mafumbo walianza kuyapatia. Mwalimu akafurahi, na kwa kuwa msaada ulikuwa umeleta furaha, akauongeza. Alianza kupigia mstari neno la chati katika kila fumbo aliloandika ubaoni, ili asiwepo mtoto wa kuhangaika kulitafuta. Kisha akaanza kuwaanzishia jibu lenyewe.

"Kwa hiyo hapa tuna-ju...?"

"...mlisha!"

"Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Haya, jipigieni makofi!"

Makofi yalisikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Mthibiti ubora wa shule alipopita, aliona zana ukutani na darasa linaloitikia kwa sauti moja, akasifu. Jambo moja halikuonwa na mtu: mafumbo yote ya darasani yalitungwa na mwalimu mwenyewe, naye, bila kukusudia, alikuwa akiyatunga yaendane na chati yake.

Kisha ukaja mtihani wa kata, uliotungwa na walimu wa shule nyingine. Chati ikashushwa kwa ajili ya mtihani. Watoto wakakutana na mafumbo haya:

Mama mmoja alipika maandazi. Asubuhi aliuza 85, akabaki na 40. Alipika maandazi mangapi?

Juma ana miaka 12. Amemzidi Neema kwa miaka 3. Neema ana miaka mingapi?

Wanafunzi 24 waligawiwa madaftari, kila mmoja madaftari 3. Yaligawiwa madaftari mangapi?

Chati haikuwapo ukutani, lakini ilikuwapo vichwani. Katika fumbo la kwanza watoto waliona "akabaki", wakatoa: 85 kutoa 40, maandazi 45. Katika la pili waliona "amemzidi", wakazidisha: 12 mara 3, Neema ana miaka 36. Katika la tatu waliona "waligawiwa", wakagawanya: 24 kwa 3, madaftari 8.

Mwalimu alisahihisha akiwa ameduwaa. Ukokotoaji wote ulikuwa sahihi. Hakuna aliyekosea kutoa, kuzidisha wala kugawanya. Lakini karatasi moja baada ya nyingine ilimweleza kwamba mama aliyepika maandazi 45 ameuza 85, kwamba binti wa miaka 36 amezidiwa umri na mvulana wa miaka 12, na kwamba wanafunzi 24 wamegawana madaftari 8 na kila mmoja akaondoka na matatu. Majibu yalipaswa kuwa 125, 9 na 72. Uchungu mkubwa zaidi aliupata kwenye karatasi ya mvulana mmoja aliyekuwa akiyaweza mafumbo kabla ya chati, kwa kusoma taratibu na kuchora vijiti pembeni mwa daftari. Naye sasa hakuchora kitu. Aliona "akabaki", akatoa.

Mwalimu akamwita msichana mmoja mezani kwake.

"Nisomee hili la pili."

Msichana akasoma vizuri, bila kukwama.

"Kati ya Juma na Neema, nani mkubwa?"

"Juma."

"Wewe umeandika Neema ana miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Je, inawezekana?"

Msichana akainua macho kutazama ukuta, mahali ilipokuwa chati.

Siku hiyo mwalimu aliichana ile manila. Kesho yake akaingia darasani na sheria mpya: hakuna chati, hakuna mstari chini ya neno, hakuna kuanzishiwa jibu. "Kuanzia leo kila mtu ajitegemee." Akaandika mafumbo matano ubaoni, akakaa. Wiki ya kwanza darasa lilikuwa kimya. Wiki ya pili watoto walijifunza kuchungulia madaftari ya wenzao wachache waliokuwa na uwezo. Wiki ya tatu baadhi walianza kukosekana siku zenye Hisabati, na wale waliokuja waliandika namba yoyote ili ukurasa usibaki mtupu. Kosa la kwanza lilikuwa limewanyima kufikiri. La pili liliwanyima hata nia ya kujaribu.

Shuleni hapo alikuwapo mwalimu mzee wa darasa la pili, aliyekaribia kustaafu.

"Shikamoo, mwalimu," mwalimu kijana wa chati akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Naona chati umeishusha."

"Haikuwasaidia, mwalimu wangu. Nimeamua wajitegemee."

"Na wanajitegemea?"

Akakosa la kujibu. Mzee akavuta kiti.

"Hebu niambie, mtoto akipewa fumbo, ana kazi zipi za kufanya?"

"Kusoma. Kuelewa kisa. Kuchagua njia. Kukokotoa. Kuhakiki jibu."

"Ulipokuwa na chati na ile mistari yako, wao walibakiwa na kazi ipi?"

Akafikiri. "Kukokotoa."

"Na kukokotoa si walikuwa wanajua tangu mwanzo?"

Hapo ndipo kijana alipouona undani wa kosa lake. Kwa miezi kadhaa alikuwa amewasaidia watoto katika kazi zote ambazo hawakuziweza, kwa namna ambayo hawakupata hata siku moja ya kuzifanya wenyewe. Kazi pekee aliyowaachia ni ile ambayo hawakuhitaji kuifundishwa.

Akaanza upya. Aliandika fumbo bila namba: mama alipika maandazi, akauza mengine, akabaki na mengine. Akawataka watoto wasimuliane kisa wawili wawili, mmoja akisimulia na mwenzake akiuliza. Kilianza nini? Kikatokea nini? Kipi hatukijui? Walipokimudu kisa ndipo akarudisha namba, na kabla ya kukokotoa akauliza: maandazi aliyopika yatakuwa mengi kuliko 85 au machache? Akawafundisha kuchora mstari mmoja mrefu na kuugawa vipande, kipande cha yaliyouzwa na kipande cha yaliyobaki, ili jicho lione kwamba kinachotafutwa ni mstari mzima.

Fumbo la kwanza alilifanya yeye mwenyewe ubaoni akifikiri kwa sauti, hata alipopita njia isiyofaa na kurudi. La pili alilifanya hadi hatua ya mwisho, akawaachia hatua hiyo. La tatu akawaachia hatua mbili. La nne likawa lao tangu mwanzo. Wakati wakiandika, yeye alipita kati ya madawati akisoma madaftari. Aliyeweza aliachwa aendelee. Aliyekwama aliulizwa swali moja la kumwelekeza. Akikwama tena, alichorewa mstari. Akikwama zaidi, walifanya pamoja mfano mwingine unaofanana. Ukutani palibandikwa karatasi ndogo yenye maswali tu: Nini kinajulikana? Nini kinatafutwa? Jibu litakuwa kubwa au dogo? Nitahakikishaje? Baada ya majuma kadhaa aliifunika, akawaambia wanaohitaji waende kuifunua. Siku zilivyopita, waliokwenda wakapungua.

Watoto wengi walisimama tena. Lakini mwaka haukuwasubiri. Baadhi ya wale walioacha kuhudhuria walipanda darasa la sita na pengo lao, nao walikwisha kuamini kwamba Hisabati si ya watu kama wao. Hiyo ndiyo gharama ya kisa hiki, na ndiyo sababu ya kukisimulia.

Funzo lake linahitaji kuelezwa kwa makini, maana ni rahisi kulisoma vibaya. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba msaada huwadekeza watoto, hivyo waachwe wapambane. Kisa chenyewe kinamkanusha: zile wiki tatu za kimya zilifanya uharibifu kama ilivyofanya chati. Mtoto anahitaji msaada ili afikie asichokifikia peke yake. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37, alitufundisha kutazama zaidi ya kile mtoto anachoweza leo bila mtu, tutazame na kile anachoweza akiongozwa, kwa kuwa huko ndiko kujifunza kunakotokea.

Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichapisha utafiti kuhusu watoto 30 wa miaka mitatu, minne na mitano waliofundishwa, mmoja mmoja, kujenga piramidi kwa vipande 21 vya mbao. Msaada wa aina hiyo waliupa jina la jukwaa, lile ambalo mafundi hulisimamisha kando ya nyumba inayojengwa. Fundi analijua sharti lake: likibomolewa mapema, kazi inasimama na watu wanaumia, likibaki hapo miaka nenda miaka rudi, hiyo si nyumba iliyokamilika. Watafiti hao walitaja kazi za anayemsaidia mtoto: kumvuta aipende kazi, kuipunguza kazi ifikie uwezo wake, kumrudisha kwenye lengo anapopotea, kumwonyesha tofauti kati ya alichofanya na kilichotakiwa, kumpunguzia hasira ya kushindwa, na kumwonyesha mfano. Walipozungumzia hilo la kumpunguzia mtoto hasira, walionya kwamba hatari yake kubwa ni kumfanya amtegemee mno mwalimu. Onyo hilo lilikuwapo tangu siku ya kwanza ya wazo lenyewe. Mwalimu wa chati aliisikia sehemu ya kwanza ya ushauri, akaikosa ya pili.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1928 Mfaransa Marcel Pagnol alitunga tamthilia iitwayo Topaze. Inafunguka kwa mwalimu anayemsomea imla mwanafunzi dhaifu, na sentensi yenyewe inataja kondoo wengi. Katika Kifaransa herufi ya wingi mwishoni mwa neno hilo huandikwa lakini haitamkwi, hivyo mwanafunzi anapaswa kuijua kwa kuelewa sarufi. Mwalimu anaona mtoto hakuiandika. Anamhurumia, anarudia neno, na kila anaporudia anaisukuma ile herufi isikike, hadi mwishowe anaitamka waziwazi. Mtoto akiandika alichosikia, imla itaonekana imenyooka, na sarufi itabaki palepale ilipokuwa. Mtafiti wa ufundishaji wa Hisabati, Guy Brousseau, aliona tabia hiyo madarasani, akaipa jina la mwalimu huyo wa tamthilia. "Tuna-ju...?" ya darasa letu ni ndugu yake wa damu. Sauti ya mwalimu inabeba jibu, mtoto analipokea kwa sikio, na makofi yanapigwa kwa jambo ambalo halijatokea.

Jawabu la wapi pa kuongeza msaada na wapi pa kuupunguza lilitafutwa na Wood pamoja na wenzake katika jaribio lililochapishwa mwaka 1978. Kundi moja la watoto wadogo lilionyeshwa tu namna ya kufanya. Lingine lilielezwa tu kwa maneno. La tatu lilifundishwa kwa kuchanganya njia bila kufuata hali ya mtoto. La nne lilifundishwa kwa kanuni moja: mtoto akishindwa, ongeza msaada mara moja, akifaulu, rudi nyuma hatua moja. Watoto wa kundi la nne ndio waliofanya vizuri zaidi walipoachwa peke yao. Hivyo ndivyo mwalimu wetu alivyofanya hatimaye alipopita kati ya madawati. Mtoto mwenyewe, kwa alichoandika daftarini, ndiye aliyeamua apewe kiasi gani.

Kanuni hiyo inaeleza pia yaliyompata yule mvulana wa vijiti. Msaada unaomfaa anayeanza unaweza kumwekea kizuizi aliyekwisha kujua. Watafiti Slava Kalyuga, John Sweller na wenzao waliliandika hilo mwaka 2003. Chati moja ilitundikwa kwa watoto wote, na aliyekuwa na njia yake nzuri akaiacha ili afuate ya ukutani. Jukwaa la darasa zima likibaki kwa kipimo kimoja, litakuwa fupi kwa baadhi na litawafunga wengine.

Najua hoja itakayotolewa na walimu, nayo ni ya haki: nitamfuataje mtoto mmoja mmoja, nao ni sabini na kipindi ni kifupi? Mwalimu wa kisa hakupewa darasa dogo. Alichobadilisha ni nani anafanya kazi ya kufikiri. Watoto wawili wanaosimuliana kisa hawamhitaji mwalimu kwa dakika hizo. Mfano unaokosa hatua ya mwisho unawaweka wote kazini kwa pamoja. Kusoma madaftari ya safu mbili leo na safu mbili kesho kunampa mwalimu picha ya kweli ambayo "ndiyo, mwalimu" ya watu sabini haitampa kamwe. Kuitikia kwa pamoja kuna nafasi yake katika kukariri jedwali au kuimba herufi. Kama kipimo cha kuelewa, kunadanganya, kwa sababu watoto watano wanaojua wanatosha kuwafunika wote wasiojua.

Ushauri wangu ni kwamba mwalimu anapoandaa msaada wowote, iwe chati, mfano uliofanywa, sentensi ya kujazia au maelezo ya maneno magumu, aandike mambo matatu kwenye andalio la somo. La kwanza: mtoto atabakiwa na kazi gani ya kufikiri baada ya kupewa msaada huu? Ikiwa hakuna, msaada huo unamwibia. La pili: dalili ipi katika daftari lake itanionyesha hauhitaji tena? La tatu: nitaupunguza kwa hatua zipi? Msaada usio na jibu la swali la tatu usibandikwe bado.

Wanaosimamia shule nao wana sehemu yao. Mwalimu mkuu na mthibiti ubora wanapoingia darasani wakahesabu zana ukutani na kusikiliza nguvu ya makofi, wanamfundisha mwalimu kuongeza zana na makofi. Wamwombe mtoto mmoja afanye fumbo ambalo mwalimu hakulitunga, kisha aeleze kwa nini amechagua njia ile. Mzazi naye anaposaidia kazi ya nyumbani, amuulize mwanawe kisa kinasema nini kabla ya kumwambia ajumlishe au atoe.

Wale watoto walipouliza "tujumlishe au tutoe?" walikuwa wakieleza kwamba hawajakielewa kisa. Mwalimu aliwajibu kwa haraka kwa sababu aliwapenda. Tuwapende kwa namna inayovumilia dakika ya ukimya wanapofikiri, inayokuwa karibu wanapokwama kweli, na inayofurahi siku wanapoweza bila sisi. Keshokutwa watakuwa mbele ya mtihani, duka, shamba au mkataba, na hatutakuwapo kuwaanzishia neno.